Irabu Tisa

Daktari Mukabane alituagiza vioo vya mfukoni,
vile vya shilingi thelathini, soko la Luanda,
vyenye ua waridi mgongoni.
Nikaketi dirishani, chumba namba kumi na nne, Maseno,
nikautoa ulimi kati ya meno
kama alivyoamuru.

Kwetu Seme ulimi hautolewi hivyo.
Ukiutoa mbele ya wakubwa umetukana,
na mwiko wa ugali hauko mbali.
Hapa nisipoutoa napoteza alama mbili.

Jumanne ilikuwa zamu ya vipasuo.
Kila mtu na kipande cha karatasi ya choo mbele ya midomo:
kwa sauti hii iruke, kwa ile itulie.
Kisiang'ani wa Webuye, mwenye koo la kuitia ng'ombe,
akajaribu kumtaja baba,
kinywani akatoka papa,
samaki wa meno mengi, huku bara kwetu,
na karatasi ikapepea pale ilipopaswa kulala.
Tukacheka. Akacheka na yeye, kisha akanigeukia:
"Haya, mwenzangu, sema shati."

Nikasema.
Mnajua nilichosema.

Tangu darasa la tatu, nilipohamia kwa mjomba Nakuru,
watoto wa Kaptembwo waliniita Sule.
Shamba langu samba, shoka langu soka.
Nikajifunza kuyakwepa maneno
kama mdaiwa anavyoikwepa njia ya duka:
sikushukuru, nilisema asante;
sikuelekeza mtu kushoto, nilinyosha kidole;
na shamba la mjomba likawa
kule kwenye mahindi.

Mukabane hakucheka.
"Una wadogo?"
Watatu, nikasema. Niliwalea.
"Usiku, mama yuko hospitali, mdogo analia. Mnyamazishe."

Shhh, nikasema.
Shhh.
Kumbe ilikuwako. Ilikuwa imelala na mtoto.

Alhamisi zikaja irabu,
na chati yake, pembe nne zilizolalia upande
kama karai lililokanyagwa.
Kwa Waingereza, akatuambia,
kondoo na meli wanapishana kwa unywele mmoja.
Darasa zima tukapakia mizigo kwenye kondoo,
tukachunga meli mlimani.
Kisiang'ani akauliza kama hawa watu hawangeweza
kutafuta neno lingine.

"Wewe wa Seme. Lugha yenu ina irabu ngapi?"
Tano, nikasema, kama zilivyo kwenye Biblia ya nyumbani.
"Tisa. Sema mkuki."
Nikasema kwa Kijaluo.
"Sema yai."
Nikasema.
Akaandika ubaoni tong', na chini yake tong',
herufi zile zile, chaki ile ile.
"Karatasi haijui tofauti," akasema,
"lakini koo lako linajua lipi la kuchomea adui
na lipi la kukaanga."

Nikaona aibu, sijui ya nini.
Miaka ishirini na moja ninabeba irabu tisa,
nikijihesabia tano.

Jioni nikampigia Dani, kinasa sauti kikiwa kimewashwa.
Sema yai, Dani. Akasema.
Sema mkuki. Akasema.
Nikasikia mvua juu ya mabati yake, na kuku mmoja.
"Tuliuza fahali," akasema,
"ili wakufundishe yai?"

Dani aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana,
yeye na rika lake,
na pumzi ikipita pale hupiga mluzi mwembamba
usioisha pamoja na neno.
Nimeirudia rekodi mara kumi na moja,
kalamu mkononi, chati mapajani,
nikitafuta alama ya mluzi ule.
Haimo.

Nikachora duara dogo lenye ufa.
Leo kazi imerudi. Mukabane amelizungushia wino mwekundu,
na pembeni ameandika:
Hii ni nini? Njoo unisomee.